Joto la Trei ya Chini

Chapuchapu hakuwa mtoto mvivu, na hilo lisemwe mapema kabla watu hawajaanza kumwonea. Kila alfajiri, kabla hata hajanawa uso, alipiga magoti mbele ya sanduku kubwa la mbao lililokaa pembeni mwa chumba cha mbele, akachungulia kwenye kioo chake kidogo na kusoma kipimajoto. Kisha alifungua mlango, akageuza mayai moja moja, akaongeza maji kwenye sinia la chini, akafunga. Mwisho aliandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: saa, joto, mafuta ya taa, na jina la aliyeangalia. Ndipo akaenda kujiandaa kwa shule.

Tatizo lake lilikuwa haraka. Daftari la shule lilikuwa na jina lake kamili, lakini mtaa mzima ulimwita Chapuchapu, kwa sababu kila kazi aliyopewa aliimaliza kabla mtu hajamaliza kumweleza. Siku moja aliondoa sahani ya mgeni mezani akaenda kuiosha, kumbe mgeni alikuwa ametoka nje kupokea simu tu, wala hajafika nusu ya chakula. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Mgeni hakucheka sana.

Sanduku lile lilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Seremala ndiye aliyeitengeneza: mbao mbili mbili zenye maranda katikati ya kuzuia baridi, trei tatu za mayai, na kando yake taa ya mafuta ya kupeleka joto ndani kwa bomba la bati. Kila trei ilibeba mayai arobaini. Ya juu ilikuwa na mayai ya mwalimu mkuu, ya kati mayai ya mwenye duka, na ya chini mayai ya Mama Pacha, jirani yao wa nyumba ya pili. Mama alikuwa hatozi kitu kwa kuweka mayai. Angelipwa kwa kila kifaranga kitakachotoka hai.

Mashine hiyo haikununuliwa kwa pesa ya mfukoni. Kwa miaka miwili mama alikuwa akiiwaza huku akiuza mboga sokoni, faida yake ikiishia kwenye unga na sabuni. Baba, dereva wa trekta kwenye mashamba ya mbali, alileta alichoweza kila mwisho wa mwezi, nacho kilikuwa kidogo. Mama alipokwenda benki mjini aliulizwa hati ya shamba. Shamba lenyewe ni la kukodi, hati ataitoa wapi? Akarudi mikono mitupu, vumbi hadi magotini.

Aliyemwonyesha njia ni Mama Pacha. Alimpeleka kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, watu ishirini waliokutana kila Alhamisi saa tisa, kila mmoja akiweka akiba kidogo, na akiba hiyo ikigeuka mikopo midogo. Hapo hakuna aliyeulizwa hati. Walijigawa watano watano, na dhamana ya mtu ilikuwa wenzake wanne. Mmoja akishindwa kurejesha, wanne wanachanga. Na mpaka watano wote wawe wamerejesha, hakuna mtu mpya anayepewa. Mama akajiunga, akakopeshwa, akamlipa seremala.

Mama Pacha mwenyewe, mjane mwenye watoto mapacha wa kiume, alikuwa amekopa mwaka uliotangulia akanunua mitetea kumi na jogoo mmoja mwekundu. Jogoo huyo alimwita Bwana Harusi. Alikuwa na madaha, akitembea uani utadhani nyumba ni yake na wengine ni wapangaji.

Mama alipowasha taa ya mashine kwa mara ya kwanza, Ijumaa jioni, alimkalisha bintiye mbele ya karatasi ile.

"Saa nane na saa kumi mimi nitakuwa sokoni," alisema. "Hizo ni zako. Saa nane unajaza mafuta, maana taa haifiki jioni bila kujazwa. Unasoma joto, thelathini na nane. Likishuka unapandisha utambi kidogo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

Chapuchapu alirudia bila kukosea neno, na kwa siku mbili alifanya kila kitu kama alivyoambiwa.

Jumatatu yalianza mazoezi ya kuruka kamba. Shule yao ingeshindana na shule ya ng'ambo ya mto, na Chapuchapu, kwa miguu ile isiyotulia, alichaguliwa wa kwanza. Mazoezi yalianza saa nane kamili. Alikimbia nyumbani, akatupa mfuko wa vitabu, akachukua kalamu na kuandika mistari miwili kwa mpigo: saa nane, thelathini na nane, saa kumi, thelathini na nane. Hakutazama kipimajoto. Mafuta aliyaona mbali, kopo liko jikoni, na wenzake walikuwa wanamwita njiani. Akajiambia atajaza akirudi.

Aliporudi jua lilikuwa limeshuka na taa ilikuwa imezimika, bomba lake likiwa baridi kabisa. Alijaza mafuta, akawasha, akapandisha utambi mpaka mwisho, akafunga vizuri mlango wa sanduku ambao kumbe asubuhi aliuacha haujashika. Mama alipofika saa kumi na mbili, kipimajoto kilikuwa thelathini na sita.

"Mbona limeshuka?" mama aliuliza.

"Nimegeuza mayai sasa hivi. Mlango ulikuwa wazi."

Mama aliridhika. Chapuchapu alishusha pumzi, na kwa kuwa halikutokea jambo lolote, Jumanne alifanya vilevile. Jumatano pia. Alhamisi mazoezi yaliahirishwa kwa mvua, akakaa nyumbani akafanya kazi yake sawasawa, na akasahau habari yote.

Ijumaa, siku ya nane, ilikuwa siku ya kupima mayai kwa mwanga, kuona yapi yana kifaranga. Mama hakwenda sokoni. Alifunika dirisha kwa blanketi, akafunga mlango, chumba kikawa giza mchana kweupe. Alishika tochi mkononi, na juu ya kioo chake aliweka yai moja baada ya jingine. Mama Pacha aliketi kwenye kigoda, amejifunga kanga kifuani, hataki kupitwa.

Yai la kwanza la trei ya juu liliwaka jekundu, na ndani yake mishipa ilitawanyika kama mizizi midogo, na katikati doa jeusi likacheza.

"Linatikisika," alinong'ona Mama Pacha. "Jamani, linatikisika."

Chapuchapu alisogea akainama juu ya tochi. Trei ya juu ilikuwa na mayai mabaya mawili tu. Ya kati, manne. Kisha mama akavuta trei ya chini. Yai la kwanza halikuwa na mishipa. La pili halikuwa nayo. La tatu lilikuwa nayo, la nne halikuwa nayo. Rundo la mayai mabaya likazidi kukua. Mwisho yalikuwa ishirini na saba.

Mama alitoa blanketi dirishani. Alisimama mbele ya karatasi ya ukutani akapitisha kidole mstari kwa mstari, tangu Ijumaa hadi Ijumaa.

"Joto halikushuka, ila kidogo tu jioni mayai yalipokuwa yakigeuzwa," alisema taratibu. "Tazama mwenyewe, Mama Pacha. Thelathini na nane, thelathini na nane. Mashine ni moja, na mayai ya wenzako ni mazima. Sijui niseme nini. Labda mayai hayana mbegu."

"Yaani Bwana Harusi," alisema Mama Pacha.

"Sisemi hivyo."

"Husemi, lakini karatasi inasema." Mama Pacha alijaribu kucheka. "Mwaka mzima namlisha, namsifia kwa watu, kumbe ni pambo la uani. Na mayai yake nimewauzia watu wa kutotolesha, nimewaapia yana mbegu. Sasa watanionaje? Kesho asubuhi mnunuzi wa kuku anapita. Nitamuuza akaliwe huko, angalau nitaongezea pesa kidogo ninunue mwingine."

Alitoka bila kuaga. Chapuchapu alikuwa amesimama palepale karibu na mashine, na masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Alijua. Trei ya chini ndiyo iliyokaa usawa wa mlango, na baridi ya mlango usioshika ilianzia hapo.

Jioni ile Chapuchapu hakugusa chakula. Mama alidhani anamwonea huruma jogoo, akamwachia. Lakini alipokuwa anakunja nguo alizungumza kama mtu anayejisemea.

"Rejesho la kwanza si Alhamisi ijayo, ni ile inayofuata, siku yenyewe ya kutotoa. Ni sawa na malipo ya vifaranga sitini. Tukikosa, wenzangu wanachanga, na yule kaka fundi baiskeli wa kikundini anaendelea kungoja. Wiki ya tatu hii anangoja mkopo wa pampu na viraka. Mungu atusaidie, hayo yaliyobaki yatoke."

Hapo Chapuchapu aliona njia zote mbili zimeziba. Akisema ukweli, mama atalazimika kumfidia Mama Pacha, na vifaranga vya kulipia vitapungua. Akinyamaza, jogoo asiye na kosa anakwenda kisuni, na Mama Pacha anabaki na jina la muongo aliyewauzia watu mayai matupu. Alilala akigeuka huku na huku mpaka mama akamuuliza kama ana chawa.

Kulipokucha alisikia kengele ya baiskeli barabarani, kisha sauti ya mwanamume ikibisha hodi nyumba ya pili. Mnunuzi wa kuku alikuwa amewahi. Chapuchapu alipiga moyo konde, akaenda jikoni alikokuwa mama akipuliza moto.

"Mama, si jogoo," alisema. "Ni mimi."

Mama aligeuka, moshi umemjaa usoni. Chapuchapu alieleza yote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alizungumza polepole: kamba, mafuta, mlango, na zile thelathini na nane alizoziandika bila kuzisoma. Hakuruka hata siku moja kati ya zile tatu. Alipofika kwenye uongo wa mlango kuwa wazi, machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifuta mikono kwenye kanga, akaenda chumba cha mbele, akaning'iniza blanketi, akachukua yai moja kwenye rundo la mabaya na kuliweka juu ya tochi. Alilizungusha muda mrefu.

"Njoo uone," alisema. "Unaona hiyo pete nyembamba ya damu? Seremala aliniambia, nami jana sikuitafuta kwa sababu niliiamini karatasi. Yai lisilo na mbegu ni jeupe tupu. Hili lilianza uhai, ukakatika."

Akapima la pili na la tatu. Pete. Alizima tochi.

"Twende. Utamwambia kwa mdomo wako mwenyewe."

Walikuta Bwana Harusi tayari yumo ndani ya tenga nyuma ya baiskeli, ametoa kichwa nje, hasira tupu. Mapacha walikuwa wameshikilia tenga huku na huku, wanalia kwa zamu. Mnunuzi alikuwa anahesabu noti.

"Subiri kidogo, kaka," alisema mama. "Mama Pacha, mtoto ana neno lake."

Chapuchapu aliamkia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Akarudia habari ile tangu mwanzo. Mama Pacha alisikiliza mikono kiunoni. Ilipokwisha, alimtazama mtoto, akamtazama jogoo, akaketi kwenye kizingiti.

"Kwa hiyo jogoo wangu mzima," alisema.

"Mzima," alijibu mama. "Kosa ni letu. Hayo kumi na matatu yaliyobaki sitakutoza, na ukinipa mayai mengine nitakutotoleshea bure. Hapo ndipo ninapoweza kufika kwa sasa."

"Ngoja kwanza hayo." Mama Pacha alishika kifua, akaanza kucheka kicheko kirefu kilichochanganyika na machozi. "Usiku kucha nilikuwa nafikiria nitawaambia nini watu. Kaka, fungua tenga. Huyu hauzwi."

"Mama, mimi nimeshaamka mapema kwa ajili yake," alilalamika mnunuzi.

"Nitakupa chai. Fungua."

Jogoo alitoka, akajikung'uta, akamdonoa mnunuzi mguuni kisha akaenda zake. Hata Chapuchapu alicheka, ingawa hakujiona ana haki ya kucheka. Mama Pacha alimvuta kwa mkono.

"Umenikosea, tena sana. Ila umekuja kabla baiskeli haijaondoka. Hilo nalo nimeliona."

Siku zilizofuata hakuna aliyemkataza Chapuchapu kuruka kamba. Mwenyewe alimwomba mwalimu afanye mazoezi asubuhi na wadogo, na saa nane ikimkuta magoti chini mbele ya kioo. Siku moja aliandika thelathini na saba na nusu, akapandisha utambi, akakaa hapo dakika kumi mpaka ilipopanda. Mama aliisoma karatasi jioni, akasema tu, "Sawa."

Jumatano ya siku ya ishirini mayai yalianza kusema. Ilisikika milio hafifu ndani ya sanduku, kisha ganda moja likapata ufa. Usiku ule walilala kwa zamu. Alhamisi asubuhi vifaranga vilivyoloa vilikuwa vimeanguka huku na huku kama walevi, na kufikia saa sita vilikuwa vimekauka na kuwa manyoya matupu. Mwalimu mkuu alichukua vyake thelathini na vitatu, akalipa. Mwenye duka alihesabu vyake mara mbili, vikawa ishirini na vitano, akalipa pia. Mama Pacha alijaza kumi na kimoja kwenye boksi, mapacha wakiligombania.

"Thelathini na tatu na ishirini na tano," alisema mama.

"Hamsini na nane," alijibu Chapuchapu. Hakuhitaji kuambiwa vimepungua vingapi.

Saa saba na nusu trei ya kati bado ilikuwa na mayai manne yenye nyufa. Walikaa wote watatu sakafuni wakiyatazama. Mama Pacha hakuwa na sababu ya kubaki, lakini alibaki. Yai moja lilipasuka, kifaranga kikajisukuma nje na kulala kifudifudi, kimechoka. Likafuata la pili. La tatu lilitulia kabisa. Ilipokaribia saa nane na nusu la nne lilifunguka polepole, na mwenye duka, aliyekuwa ameitwa, alilipia vifaranga vyote vitatu bado vina unyevu.

"Sitini na moja," alisema mama, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yalimtikisika, na Chapuchapu hakujua kama analia au anacheka. Mama Pacha alimpigapiga mgongoni. "Inuka, mwenzangu, tutachelewa."

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mkunga mstaafu, bibi aliyevaa miwani na aliyekuwa amezalisha karibu nusu ya waliokuwa wamekaa mbele yake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumbishia. Wanachama walikaa kwenye mabenchi ya darasa tupu. Kabla ya kutoa rejesho, mama aliomba kusema. Alieleza kosa lilivyotokea nyumbani kwake, bila kujificha, na jinsi alivyokubaliana na Mama Pacha. Ndipo akaweka pesa mezani. Mweka hazina alizihesabu akatikisa kichwa kukubali: watano wote wamerejesha.

"Kaka fundi," aliita mkunga, "sogea."

Fundi baiskeli alisogea akifuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa safi. Alitia sahihi, akapokea bahasha kutoka kwenye pesa ileile iliyokuwa mezani, akasema asante mara tatu, akatoka akitembea haraka kabla maduka ya vipuri hayajafungwa.

Mkunga alivua miwani, akamgeukia Chapuchapu aliyekuwa amekaa benchi la nyuma.

"Njoo hapa, mjukuu wangu. Nilipokuwa kijana wodini, niliwahi kuandika joto la mgonjwa bila kumpima, kwa sababu jana yake alikuwa mzima na mimi nilitaka kwenda kula. Daktari aliisoma karatasi yangu, akampita kitandani. Usiku mgonjwa alizidiwa, tukamwokoa kwa bahati tu. Tangu siku hiyo sijaandika namba ambayo sikuiona kwa macho yangu. Sisi humu hatuna hati za mashamba, tunachokopeshana ni maneno yetu. Mama yako alikopa kwa sababu watu wanne walimwamini. Fundi amekopa kwa sababu mama yako amerejesha. Namba moja ya uongo ingemwangusha Mama Pacha, halafu mama yako, halafu yule kijana aliyetoka sasa hivi, nao wasijue hata wameangushwa na nini. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Na kukosea utakosea tena, usijidanganye. Ukikosea, sema siku ileile, wakati kosa bado ni dogo na linabebeka."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Kupitia dirishani alimwona fundi baiskeli akivuka barabara, bahasha ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mzigo aliokuwa ameubeba tangu siku ile ya tochi ulimshuka wote, mpaka akajisikia mwepesi miguuni. Alirudi kukaa karibu na mama yake, na mama akamsogezea nafasi kwenye benchi.